Jua la utosi lina tarehe na dakika zake: lichapisheni

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jua la utosi. Kila inapokaribia Machi 21 simu za watu hujaa ujumbe ule ule, umetumwa na kutumwa tena mpaka hajulikani aliyeuanzisha: eti jua linakatiza ikweta, joto litapanda hadi nyuzi 40, watu wajifungie ndani kuanzia saa sita hadi saa tisa kwa siku kadhaa, na wanywe maji kwa wingi. Kunywa maji ni vizuri siku zote. Mengine ni porojo, na ubaya wake ni kwamba yanafunika jambo la kweli ambalo linapendeza kuliko uzushi wenyewe.

Jambo lenyewe ni hili. Mji wowote ulioko kati ya Tropiki ya Kansa na Tropiki ya Kaprikoni hupata jua wima kabisa juu ya kichwa mara mbili tu kwa mwaka, na kila mji una tarehe zake na dakika zake. Kwa Dar es Salaam ni Machi 3 saa 6:35 mchana, na tena Oktoba 10 saa 6:10 mchana. Siku nyingine zote jua la mchana hupita pembeni, upande wa kaskazini au wa kusini, hata likiunguza namna gani. Tunadhani liko utosini kila siku kwa sababu hakuna anayeinama kukagua kivuli chake.

Ikifika hiyo Machi 21 inayotishiwa watu, jua lilishapita utosi wa Dar es Salaam siku 18 nyuma na limesogea kaskazini kama nyuzi 7. Nyuzi 7 hupunguza nguvu ya miale kwenye ardhi bapa kwa chini ya asilimia 1. Maana yake, wiki nzima kabla na wiki nzima baada ya tarehe hiyo miale ni ile ile. Kinachofanya siku moja iwe ya fukuto na nyingine ya nafuu ni mawingu, unyevu na upepo wa bahari, wala ikweta haihusiki.

Mwanzoni mwa mwaka jua huwa linatoka kusini kuja kaskazini. Hufika Mtwara Februari 22 saa 6:33, Dar es Salaam Machi 3, Unguja mjini Machi 5, Mombasa Machi 10 saa 6:32, Mwanza Machi 14 saa 6:58, Nairobi Machi 17 saa 6:41, na Kampala, iliyo kaskazini kidogo tu ya ikweta, Machi 21 saa 6:57. Likirudi hupita Kampala Septemba 22, Nairobi Septemba 26, Mwanza Septemba 29, Mombasa Oktoba 3, Unguja Oktoba 9, Dar es Salaam Oktoba 10 na Mtwara Oktoba 20. Mwaka mrefu wa siku 366 na ile miaka inayoufuata inaweza kusogeza tarehe kwa siku moja. Si hoja. Siku moja ni badiliko la nyuzi 0.4, nalo jua lenyewe lina upana wa nyuzi 0.5.

Ambaye mji wake haumo hapa anaweza kuhesabu mwenyewe. Fungua ramani ya simu, bonyeza mahali ulipo na ushikilie mpaka namba mbili zitokee. Ya kwanza ni latitudo. Ikiwa na alama ya kutoa mbele yake uko kusini ya ikweta. Zidisha namba hiyo kwa 2.5 upate siku. Walio kusini watoe siku hizo kwenye Machi 20, kisha waziongeze kwenye Septemba 23. Tanga iko 5.07, mara 2.5 ni karibu 13, kwa hiyo ni Machi 7 na Oktoba 6. Walio kaskazini ya ikweta wafanye kinyume: waongeze kwenye Machi, watoe kwenye Septemba. Kanuni hii inafaa hadi nyuzi 10 hivi. Mbele ya hapo huanza kukosea kwa zaidi ya siku moja.

Namba ya pili ni longitudo, na hiyo ndiyo ya dakika. Saa za Afrika Mashariki zimepangwa kwa mstari wa longitudo 45, mstari ambao haupiti Tanzania, Kenya wala Uganda. Uko huko Somalia. Kila nyuzi moja uliyo magharibi ya mstari huo inachelewesha jua kwa dakika 4 baada ya saa sita kamili mchana. Dar es Salaam iko 39.3, tofauti ni 5.7, yaani dakika 23. Kigoma iko 29.6, hivyo inachelewa kwa zaidi ya saa nzima. Juu ya hapo kuna marekebisho ya pili, maana kasi ya dunia kulizunguka jua haiwi moja mwaka mzima, na mhimili wake umeinama. Kwa hiyo jua huipita saa ya ukutani au huachwa nyuma nayo kulingana na majira. Mwanzoni mwa Machi ongeza dakika 12, katikati ya Machi ongeza 9. Mwishoni mwa Septemba toa 9, mwanzoni mwa Oktoba toa 11, Oktoba 20 toa 15. Ukimaliza hesabu utakuta kwamba Kigoma, Machi 8, jua linafika utosini saa 7:12 mchana, watu wengine wameshamaliza kula. Dodoma na Unguja ziko karibu latitudo moja, kwa hiyo zina tarehe moja, lakini Dodoma inasubiri dakika 14 zaidi. Kigali, ambako saa iko nyuma ya yetu kwa saa moja, iko karibu kabisa na mstari wa 30 unaotumika kwao, na jua lao la Machi hufika saa 6:09.

Wapo wasiolipata kabisa. Maskati iko nje ya Tropiki ya Kansa kwa nyuzi 0.15 hivi, umbali wa kilomita zisizofika 20. Juni 21 fimbo ya mita 1 pale ina kivuli cha milimita 3 tu. Jicho haliwezi kukitofautisha na sifuri, lakini kwa hesabu jua halijafika. Salala, iliyo kusini zaidi huko huko Oman, inapata siku zake mbili kama sisi. Wenzetu wa London hawapati hata moja, ila wana la kutushangaza: Juni 21, jua linapokuwa juu kabisa, fimbo ya mita 1 mjini London hutoa kivuli cha sentimita 53. Fimbo hiyo hiyo, siku hiyo hiyo, Dar es Salaam hutoa sentimita 58. Jua la mchana wa Juni liko juu zaidi London kuliko pwani yetu. Asiyeamini apime, na aangalie pia upande: kivuli cha Dar es Salaam siku hiyo kinaelekea kusini, na ikifika Desemba 21 kinaelekea kaskazini na kimepungua kuwa sentimita 30.

Sasa namna ya kulishuhudia. Wengi hujaribu kwa kusimamisha fimbo uani saa sita kamili, wanakuta kivuli, wanasema wamedanganywa. Machi 3 saa 6:00 Dar es Salaam bado kuna dakika 35 kabla ya utosi. Jua husogea nyuzi 1 kila dakika 4, kwa hiyo limebakiza karibu nyuzi 9, na fimbo ya mita 1 lazima itoe kivuli cha sentimita 15. Anayefanya hivyo Kigoma Machi 8 atakuta sentimita 32. Kosa hapo ni la saa. Tarehe ilikuwa sahihi.

Kosa la pili ni fimbo isiyosimama wima. Sakafu ya baraza na paa bapa hujengwa na mteremko ili maji ya mvua yasituame. Mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita hauonekani kwa macho, lakini ukisimamisha fimbo sawasawa na sakafu hiyo, imeinama kwa zaidi ya nyuzi 1, na kivuli kimeongopa kwa sentimita 2. Dawa yake ni timazi ya fundi mwashi, yaani uzi wenye kizito mwishoni, maana uzi wa timazi haujali sakafu imekaaje.

Kosa la tatu ni ukungu wa kivuli. Kwa kuwa jua lina upana, ncha ya kivuli haina ukingo mkali; kwa urefu wa mita 1 ukungu huo una upana wa milimita 9, na kila mtu ataweka alama mahali pake. Badala ya ncha ya kivuli tumia tundu la mwanga. Kata karatasi ngumu, kama ya boksi, sentimita 10 kwa 10. Toboa katikati kwa msumari mwembamba, tundu la milimita 2. Ibandike kwenye ukingo wa meza au ubao, tundu likiwa limetokeza nje ya ukingo, mita 1 kamili juu ya kigae cheupe cha sakafu kilicholazwa juu ya mchanga na kusawazishwa kwa pima maji pande zote mbili. Pitisha uzi wa timazi kwenye tundu, ngoja utulie, weka alama ya msalaba pale ncha inapogusa kigae, kisha uondoe uzi. Kukiwa na upepo kinga kwa gunia au ubao. Timazi inayocheza kwa nusu sentimita imeharibu kazi yote ya mbele.

Kitakachoonekana kwenye kigae ni duara dogo la mwanga, milimita 9 au 10 na ushee, ndani ya kivuli cha karatasi. Hilo duara ni picha ya jua. Toboa tundu la pembe nne uone: duara halibadiliki, mradi tundu ni dogo. Ndiyo sababu madoa ya mwanga chini ya mwembe au mwarobaini ni ya mviringo ingawa nafasi kati ya majani zina kila umbo, na ndiyo sababu siku ya kupatwa kwa jua madoa yote hayo hugeuka kuwa hilali. Upana wa duara ni kama sehemu moja ya 108 ya urefu kutoka kwenye tundu, kwa hiyo ukipandisha tundu hadi mita 2 duara linakuwa karibu maradufu, lakini linafifia.

Anza dakika 20 kabla ya muda. Duara litakuwa upande wa magharibi wa msalaba, sentimita 9 hivi. Weka nukta katikati ya duara kila baada ya dakika 2 na uandike saa pembeni. Litatembea kwa mstari ulionyooka kuelekea mashariki, milimita 4 na kitu kila dakika, kasi inayoonekana kwa macho ukitulia. Siku yenyewe linapita juu ya msalaba. Siku mbili kabla au baada, linapita pembeni yake kwa sentimita 1.4 hivi, na upande linakopita ndio unaokuambia jua liko kaskazini au kusini. Usikubali kuandaa siku moja tu: Machi na Oktoba zina mawingu, na wingu la dakika 5 wakati huo limekula kila kitu. Andaa siku tatu, uweke nukta za zote kwenye kigae kimoja kwa rangi tofauti. Mistari mitatu iliyo sambamba, ikisogea kila siku kwa milimita 7, inafundisha mwendo wa dunia kuliko mchoro wowote wa kitabuni.

Asiye na timazi atumie kipande cha bomba la plastiki la inchi 2, urefu wa mita 1, akinyanyue kwa viberiti viwili juu ya karatasi nyeupe na kukisimamisha kwa pima maji pande mbili. Mwanga utaonekana kwanza kama hilali nyembamba ukingoni mwa duara la chini, utajaa kwa dakika chache, kisha utaliwa kutoka upande wa pili. Kwa watoto hii ndiyo inayovuta zaidi. Chupa ya soda kwenye meza iliyosawazishwa nayo inatosha kwa kuona tu, si kwa kupima.

Hakuna sababu yoyote ya kutazama jua lenyewe. Usilitazame kupitia tundu, miwani ya jua wala kamera ya simu. Kazi yote hii inafanywa kwa kutazama chini. Wenye visima pia wajihadhari: siku hiyo jua hupiga hadi majini, na mwako unaorudi kutoka kwenye maji unaweza kuumiza macho.

Kisima ndicho kilichompa Eratosthenes, msomi wa Kigiriki wa Alexandria, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, njia ya kupima dunia. Alisikia kwamba Syene, Aswan ya leo, jua la mchana mrefu kuliko yote hupiga hadi chini ya kisima. Kwake Alexandria siku hiyo kulikuwa na kivuli cha sehemu moja ya 50 ya duara. Umbali wa miji hiyo ulihesabiwa stadia 5,000, kipimo cha urefu cha Wagiriki wa kale. Akazidisha kwa 50, akapata 250,000. Wasomi hawajakubaliana stadia moja ilikuwa na urefu gani, kwa hiyo tuache kubishana alikosea kwa kiasi gani. La kufurahisha ni kwamba pwani yetu imekaa vizuri kuliko Misri kwa kazi hiyo. Alexandria na Aswan zimepishana longitudo kwa nyuzi 3. Mombasa na Mtwara zimepishana kwa nusu nyuzi tu.

Watu wawili wenye simu wanaweza kuifanya. Februari 22 wa Mtwara ahakikishe duara linapita kwenye msalaba. Siku hiyo hiyo wa Mombasa aweke nukta zake kama nilivyoeleza, kisha apime umbali mfupi kuliko wote kutoka msalaba hadi kwenye mstari wa nukta. Kwa tundu la mita 1 atapata kama sentimita 10.9, upande wa kaskazini. Gawanya 10.9 kwa 100, zidisha kwa 57.3, unapata nyuzi 6.2 (kwa tan ni 6.22 hasa; njia hii ya mkato inafaa kwa pembe ndogo, juu ya nyuzi 10 tumia kikokotoo chenye tan, au chora pembetatu kwa kipimo na upime kwa protrakta). Umbali wa Mombasa na Mtwara angani ni kama kilomita 690. Zidisha kwa 360, gawanya kwa 6.22: karibu kilomita 39,900. Mzunguko halisi wa dunia kupitia ncha zake ni kilomita 40,008. Ukikosea kivuli kwa milimita 3, jibu linapotoka kwa zaidi ya kilomita 1,000, ndiyo maana nimeng'ang'ania timazi. Kosa kubwa zaidi, ambalo wanafunzi hulifanya karibu kila mara, ni kuchukua kilomita za barabara. Barabara inapinda na kuzunguka. Dunia itatoka kubwa kupita kiasi na watalaumu kivuli.

Kuna jua la utosi jingine linalotuhusu ingawa si la kwetu. Kila Mei 27 au 28 saa 6:18 mchana, na Julai 15 au 16 saa 6:27 mchana, jua huwa wima juu ya Kaaba. Saa za Makka na zetu ni moja, kwa hiyo hakuna cha kubadili. Dakika hiyo yeyote anayeliona jua, awe Mombasa, Kigoma au Lamu, akielekea upande lilipo ameelekea kibla barabara. Uzi wa timazi na kivuli chake vinatoa mstari huo bila dira. Hapa hesabu inasamehe zaidi: Dar es Salaam jua hilo lipo nyuzi 28 kutoka utosini, kivuli cha fimbo ya mita 1 kina karibu sentimita 54, na ukichelewa dakika 1 umepotoka nusu nyuzi tu. Siku moja kabla au baada haidhuru. Dira ya simu, ikiwekwa karibu na nondo za zege au bati, hukosea zaidi ya hapo mara nyingi, na mafundi wanaoanza msingi wa msikiti wangeokoa ubishi kwa kusubiri tarehe hizo.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Gazeti lako huchapa saa za swala na za kujaa na kupwa kwa maji. Kwa wiki chache za Februari, Machi, Septemba na Oktoba, ongeza mstari mmoja: mji, tarehe na dakika ya jua la utosi, pamoja na onyo la macho. Hesabu haibadiliki sana mwaka hadi mwaka, ila mwaka wa siku 366 ukaguliwe upya. Mkianza na Mtwara, andikeni Februari 22, saa 6:33 mchana, na mtangaze siku tatu kabla ili watu wapate muda wa kuazima timazi.

Wako,
Mpenzi wa anga,
Tanga